Ngazi za Mzee Hamisi

Jumamosi, tarehe 11 Julai. Baridi kavu, ile inayopasua midomo. Jua lilitoka mapema lakini lilikuwa la kuangaza tu, halikupasha kitu, na majani ya mbele ya kanisa yalikuwa bado meupe kwa barafu tulipofika saa tatu. Tulikuwa watu wachache: mchungaji, mama mwenye nyumba wa Bertrams, hapa Joburg, aliyempangishia chumba miaka yake ya mwisho, wazee wawili wazungu ambao sikuwajua, vijana wa timu ya mtaani wamevaa jezi chini ya majaketi, na mimi nimekaa benchi la nyuma kama mtu aliyeingia kujikinga na upepo. Hatukumzika. Aliacha ameandika kwamba achomwe na majivu apelekewe binti yake Uskoti, jambo ambalo kwetu sisi watu wa Uvira, Kongo, ni gumu kulisikia, lakini ndivyo alivyotaka. Mchungaji alikuwa akisoma niliposikia mtu anaingia nyuma yangu kwenye sakafu ya mbao. Hatua moja nzima, hatua moja ya kuburuta. Nzima, ya kuburuta. Sikugeuka. Nilijua ni Deo, ambaye sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka ishirini. Na aliyenifundisha kumjua mtu kwa namna hiyo alikuwa pale mbele, ndani ya sanduku.

Naandika sasa, vyombo vimeshaoshwa, kwa sababu najijua: kesho nitaanza kuipamba habari hii ili nionekane afadhali. Mimi si mtu wa kalamu. Shule yangu iliishia darasa la sita, na madaftari haya ni ya kujiandikia zamu zangu za ulinzi, hali ya hewa, na tumekula nini. Lakini mwaka ule tuliocheza mpira tukikaa mtaa wa Berea sijawahi kuuandika hata mara moja, na leo nimeambiwa jambo ambalo limeugeuza wote juu chini. Nitajaribu kuuweka kama ulivyokuwa. Mahali ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Jina la marehemu lilikuwa Hamish. Swedi, kipa wetu, Mrundi wa Buyenzi na Mwislamu pekee katika chumba chetu, alilisikia siku ya kwanza akasema basi huyu ni Hamisi, ameshasilimu, kilichobaki ni kumwonyesha msikiti. Tangu siku hiyo kati yetu akawa Mzee Hamisi, na mbele yake Kocha. Kiingereza chake kilitushinda miezi miwili ya kwanza. Tulikuwa tunatazama mikono yake. Maneno yake ninayoandika hapa nimeyaleta kwa Kiswahili kadiri ninavyoyakumbuka. Alizaliwa katika mji wa viwanda vya meli, akaichezea timu ya kwao tangu ana miaka kumi na saba, winga wa kulia. Akiwa na ishirini na tatu, asubuhi ya nusu fainali, goti lilikuwa limevimba. Daktari wa timu akaja na sindano, akamwambia hutasikia kitu. Kweli hakusikia kitu. Alicheza dakika zote tisini, wakashinda, na baada ya hapo hakucheza tena kama mtu. Akaja Afrika Kusini, enzi zile timu za wazungu zikicheza peke yao na kuagiza wachezaji waliochakaa kutoka ng'ambo. Sitalificha hilo, yeye mwenyewe hakulificha. Alisema, "Walinilipa, nikachukua, na sikuuliza nani hayuko uwanjani." Baada ya misimu miwili goti likamtoa. Akawa kocha msaidizi hapa, mwalimu wa michezo pale, akaenda Swaziland, akarudi, akafukuzwa mara nyingi kuliko alivyoajiriwa, hivyo ndivyo alivyotania, na mwishowe akafika kwetu: timu ya daraja la chini yenye jezi za kijani cha aina mbili, mali ya mtu wa duka la matairi. Yule bwana alikuwa na jengo la zamani la ghorofa pale Berea. Akampa Kocha chumba cha chini, karibu na ngazi. Sisi wageni watano akatupa chumba cha juu kabisa, ghorofa ya tano. Lifti ilikuwa imekufa kabla sisi hatujaingia nchini.

Chumba chake nakiona hadi leo kuliko ninavyokiona chumba nilicholala mimi. Kitanda cha chuma, meza ndogo, kreti nne za bia za kukalia, jiko la umeme la macho mawili ambalo jicho moja halikuwaka, birika lisilo na kifuniko, na ukutani picha moja ya timu, watu kumi na mmoja wenye nywele nyingi, yeye wa pili kutoka kushoto amekunja mikono kama mwenye mji. Kulinuka dawa ya kuchua, ile ya kafuri, maana kila jioni alikuwa anasugua lile goti lenye kovu refu huku anasikiliza redio. Alikunywa. Sitasema hakunywa. Hakunywa Ijumaa wala Jumamosi kabla ya mechi, lakini Jumapili na Jumatatu ilibidi umwache. Tena alikuwa na upendeleo, na mimi sikuwa mpendwa wake. Aliniita mtu wa kazi. Nilicheza kiungo wa kati, nakimbia sana, napiga pasi fupi, na siku moja aliniambia bila ubaya wowote kwamba nitakula kwa miguu yangu lakini sitashiba. Niliumia wiki nzima. Leo naona alikuwa sawa, ila ningependa angeniambia kwa namna nyingine.

Jumamosi za mechi alitupikia uji. Si ule tuliouzoea. Ulikuwa wa oti, mzito wa kusimamisha mwiko, na hakutia sukari, alitia chumvi. Tulikaa kwenye kreti na pembeni ya kitanda, mabakuli magotini, tunameza kama dawa. Swedi alikuwa akificha sukari ndani ya soksi, na Kocha akigeuka kuchukua chai tunamwagiana haraka haraka. Siku moja Swedi akamuuliza kwa sura ya upole, "Kocha, kwenu sukari haijafika?" Mzee Hamisi akaendelea kukoroga. "Ilifika," akasema. "Tukawapa farasi. Na toa hiyo soksi mezani, inanuka." Kumbe alikuwa anajua muda wote. Hilo nililiandika akilini kama kichekesho tu, kwamba mzee huyu anajua mambo na ananyamaza. Ningelifikiria zaidi.

Baada ya uji zilikuja ngazi. Hii ilikuwa kazi yake mwenyewe, sijaiona kwa kocha mwingine hapa wala kwetu. Tuliosimama chini tulikuwa watano, na wengine wa timu walikuja pia kutoka vyumba vyao vya Joubert Park, mtaa wa jirani. Yeye alifunga mlango, akakaa kitandani uso umeelekea ukutani, akaita jina. Ukiitwa unajibu, "Ndiyo, Kocha," halafu unapanda mbio peke yako hadi juu na kushuka. Hakutazama. Alisikiliza. Aliyepanda vizuri jina lake liliingia kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni baada ya nusu saa. Ambaye hatua yake ilikuwa na kasoro hakuingia, na hakukuwa na mabishano. Mwanzoni tulidhani ni wazimu wa kizungu. Nikamuuliza kwa nini asitoke tu atutazame. "Mtu akijua anatazamwa," akasema, "anatembea kwa ajili ya anayetazama. Mimi nilitembea vizuri sana mbele ya yule daktari." Masikio yake yalikuwa ya ajabu. Siku za kazi, tukirudi jioni mmoja mmoja, sauti yake ilitoka nyuma ya mlango uliofungwa: Safari, yaani mimi, umechelewa. Swedi, umenunua viatu. Deo, njoo unywe chai, leo umechoka. Hakukosea. Mwaka mzima sikumsikia akikosea.

Deo alitoka Bujumbura. Mchana alikuwa anashona sare za shule kwa fundi mmoja Mkongomani pale Joubert Park, mimi nashusha viazi sokoni, na usiku tulilala godoro moja, kichwa chake upande wa miguu yangu. Mguu wake wa kushoto siwezi kuueleza. Nimeona mpira mwingi tangu hapo, kwenye runinga na uwanjani, na sisemi alikuwa bora kuliko wote, maana sijui. Nasema tu kwamba alipopokea mpira, hata wachuuzi wa mahindi waliokuwa wamegeuzia uwanja mgongo waligeuka. Mzee Hamisi hakumsifu hata siku moja. Alimpikia. Alimnunulia soksi za sufu. Alimzuia kucheza mechi tatu kwa ajili ya kifundo cha mguu ambacho Deo mwenyewe alisema hakiumi, na tukapoteza zote tatu, na mwenye timu akaja kupiga meza.

Mwezi wa tisa mwenye timu akaja tena, safari hii bila kupiga meza. Nilikuwa nimekaa ngazi ya tatu nafunga kamba za raba, mlango umeegeshwa, nikawasikia. Alisema mtu wa timu kubwa anakuja Jumamosi, anakuja kwa ajili ya yule Mrundi wa mguu wa kushoto tu. Mzee Hamisi akajibu kwamba atacheza ngazi zikikubali. Mwenye timu akamwambia, "Hamish, ngazi ni zangu." Mzee akacheka. "Ngazi ni zako," akasema. "Masikio ni yangu." Wakaagana vizuri. Mimi nilibaki pale pale, na baada ya dakika chache nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia mwaka ule wote: mzee akipiga mluzi. Wimbo wa kwao, nadhani. Alikuwa anaosha vikombe na kupiga mluzi.

Jumatano, kwenye uwanja wa vumbi, Deo aligeuka kufuata mpira na goti la kushoto likamkataa. Kocha alikuwa upande mwingine na makipa. Deo akainuka mwenyewe, akajipangusa, akaendelea kwa kutembea tembea. Usiku goti lilikuwa kama limao kubwa, Alhamisi lilikuwa kama chungwa. Tulilifunga kitenge chenye barafu tuliyoomba kwa muuza samaki, na kazini hakwenda, akasema ana tumbo. Ijumaa jioni alikaa kwenye godoro, mguu juu ya mfuko wa nguo, akaniambia mbele ya Swedi na wenzetu.

"Ndugu yangu, nisikilize. Uwanjani nitaweza. Ni ngazi tu."

Nikamwambia mzee atajua.

"Atajuaje? Utavaa raba zangu."

Raba yake ya kulia ilikuwa imefunguka soli mbele, na kila ngazi ilipiga kofi moja dogo. Ukiisikia unasema huyu ni Deo. Swedi, ambaye hakuwahi kukosa utani, aliinama akaanza kukunja shuka lililokuwa limeshakunjwa.

"Safari," Deo akasema, "mimi nikipita, nakuvuta. Unajua nitakuvuta."

Hapa nataka kuwa mkweli. Nimejiambia miaka yote kwamba nilifanya kwa ajili ya upendo, na upendo ulikuwepo. Lakini lile neno kuvuta nililisikia mwili mzima. Nilikuwa na miaka ishirini na viazi vya watu mgongoni. Nikasema sawa.

Alfajiri Swedi alimshusha Deo mgongoni, mzee asisikie hatua zake. Jina la Deo lilikuwa la mwisho kila mara. Asubuhi ile niliitwa wa tatu, nikapanda kwa raba zangu, nikashuka, nikavua, nikavaa zake juu ya soksi mbili kwa sababu zilikuwa kubwa, mbele nimejaza gazeti. Watu zaidi ya kumi wamesimama pale chini wananitazama na hakuna aliyesema kitu. Mzee akaita, "Deo." Deo akaweka mdomo karibu na mlango, akajibu, "Ndiyo, Kocha," kwa sauti safi kabisa. Nikapanda. Nilijaribu kuruka kama yeye, kukanyaga kwa kidole. Soli ikapiga kofi lake ngazi kwa ngazi. Kifua kilikuwa kinaniuma kwa sababu ilikuwa mara ya pili, nikajizuia kupumua kwa sauti. Nilipofika chini kulikuwa kimya. Kimya kirefu kuliko cha siku zote, au labda ni mimi niliyekirefusha baadaye. Halafu nikasikia kitanda kinalia, amesimama. Baada ya nusu saa karatasi ikabandikwa. Jina la Deo lilikuwepo, kwa mwandiko ule ule wa penseli.

Mechi sitaieleza sana. Dakika ya ishirini Deo alifunga goli ambalo hata mabeki wao walishika viuno wakatikisa kichwa. Nilimwona mgeni kwenye kiti chake cha kukunja ameinama mbele, anaandika. Kipindi cha pili nilimpa pasi fupi, ya kwangu ya siku zote, hakuna mtu karibu naye, akageuka nayo, akaanguka. Hakuna aliyemgusa. Lile lilikuwa jambo baya zaidi, kwamba hakukuwa hata na mtu wa kumkasirikia. Mzee Hamisi alikimbia kuingia uwanjani na goti lake lile, nusu anakimbia nusu anaruka, akapiga magoti kwenye vumbi akashika kichwa cha Deo. Nilipoinua macho, mgeni alikuwa anakunja kiti.

Deo alilala hospitali siku nyingi. Mzee alikaa naye, wakati mwingine hakurudi kulala. Tulipokwenda kumwona, Deo alitazama dirishani, na mimi nilidhani ni kwa sababu hataki kuniona. Sikuuliza. Jumamosi iliyofuata hakukuwa na uji. Mzee Hamisi alitusimamisha uwanjani, amenyoa ndevu, amevaa koti lake, akasema anaacha kazi ya ukocha, si timu hii tu, kazi yenyewe. Mwenye timu akamuuliza sababu mbele ya wote. Akajibu, "Masikio yangu yamekwisha. Nilimsikia mgonjwa nikasema mzima. Kocha wa namna hiyo hafai kuachiwa watu." Akamkabidhi Swedi filimbi. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Nilikuwa na maneno mdomoni, maneno matatu tu: ilikuwa miguu yangu. Yeye alipitisha macho kwa kila mmoja, na alipofika kwangu hakusimama, alipita taratibu kama alivyopita kwa wengine. Sikusema. Mwezi wa kumi akahama Berea. Deo akachukuliwa na kaka yake kwenda Durban kwa magongo. Timu ikafa kabla ya Krismasi. Swedi baadaye akapata njia ya kwenda Kanada.

Tangu hapo nimeishi kilomita chache kutoka kwa mtu huyu. Nilisikia habari zake: analinda geti la shule, anauza viatu vya mitumba, amezeeka, yuko Bertrams. Wala Bertrams haiko mbali. Natoka Berea kwa miguu nafika. Nilijiambia nitakwenda Pasaka, nitakwenda mwaka mpya, nitakwenda mtoto akizaliwa. Miaka kama sita baada ya mambo yale nilikuwa natoka zamu, natembea Bertrams asubuhi, nikamwona mbele yangu na fimbo na mfuko wa plastiki wenye mkate na pakiti ya oti. Nikamfuata. Nilikuwa nimekaza moyo. Tulikwenda hivyo mpaka kwenye roboti, zile taa za barabarani, na ingawa taa ilikuwa kijani na watu wanavuka, yeye alisimama. Hakugeuka. Alisimama tu, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, taa ikawa nyekundu, ikawa kijani tena. Nikadhani amechoka, anavuta pumzi. Nami nikapata kisingizio, nisimsumbue mzee wa watu. Nikavuka barabara nikaenda upande wa pili.

Leo baada ya ibada mama mwenye nyumba alitupa chai ukumbini. Deo alikuja kukaa karibu nami, akaunyoosha mguu wake mbele kama mtu anayeweka mzigo. Ana mvi. Ni fundi cherehani, ana duka lake Durban, anakanyagia mguu wa kulia. Tulisalimiana kwa muda mrefu, habari za nyumbani, watoto, nani amekufa. Kisha akaniambia pole, akasema bila shaka mimi ndiye niliyeumia kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa naye karibu miaka yote hii. Nikamwambia sijawahi kufika kwake.

Aliniangalia kama hakusikia. "Hata mara moja?"

Nikatikisa kichwa.

"Lakini alikuwa ananiuliza habari zako," Deo akasema. "Kila akipiga simu. Safari anaendeleaje. Mimi namjibu, si uko naye huko Joburg? Anabadilisha habari."

Basi nikasema. Nilisema pale na kikombe mkononi, kwamba ningewezaje kwenda, nimemharibia mtu kazi yake, nimemfanya aamini masikio yake yamekufa. Deo aliweka kikombe chini polepole.

"Alijua ni wewe."

Nikamwambia hapana.

"Safari. Alijua kabla hujafika ghorofa ya pili. Aliniambia hospitali, usiku wa kwanza. Alisema raba zilikuwa za Deo, miguu ilikuwa ya Safari, nimeisikia mwaka mzima, wala haiwezi kuruka." Deo alitaka kucheka, ikamshinda. "Akasema nilisikia, nikakaa pale kitandani, nikasema moyoni acha iende. Kwa sababu nilitaka yule mtu akuone. Maisha yangu yote nimengoja mmoja kama wewe. Alilia, Safari. Alisema, mimi leo ndiye mwenye sindano."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Deo akasema mzee alimwapisha. Alimwambia usimwambie Safari kwamba najua, yule bado ana miguu, mwache acheze bila mzigo. Na Deo aliapa, na alidhani baada ya miaka mzee atakuwa ameshaniambia mwenyewe. Pale hospitali alikuwa anatazama dirishani kwa sababu hakujua kuficha uso.

Nimejaribu tangu mchana kugawa kosa hili kwa haki. Deo ndiye aliyeomba, na anasema hivyo mwenyewe, hataki tumwondolee sehemu yake. Mimi ndiye niliyepanda. Watu zaidi ya kumi walitazama. Mzee alisikia na akaandika jina, na yeye alikuwa mkubwa kuliko sisi wote na alijua vizuri zaidi goti ni kitu gani. Siwezi kusema hakukosea kwa sababu tu amekufa. Yote hayo nayaweka sawa, yanakaa. Kisichokaa ni ile Jumamosi ya filimbi. Masikio yake hayakuwa yamekwisha. Alisimama mbele ya mwenye timu na ya timu nzima, akajivunjia jina lake kwa jambo pekee alilobaki nalo, ili mimi nisiulizwe. Nami nilimkimbia kwa sababu ya maneno yake hayo hayo. Na asubuhi ile kwenye roboti hakuwa amechoka. Alikuwa amenisikia nyuma yake tangu mwanzo wa barabara, akasimama taa mbili nzima kunisubiri nimfikie.

Deo nimekuja naye nyumbani. Basi lake ni kesho. Lifti ya jengo letu nayo haifanyi kazi, na tunakaa ghorofa ya tatu. Nilitaka kumshika mkono akakataa. Nikapanda nyuma yake. Hatua moja nzima, moja ya kuburuta, anapumzika kila kona, na mimi nasimama anaposimama. Ilituchukua muda mrefu. Majirani wawili walitupita wakatusalimu. Hizi alizipanda mwenyewe, zote.

Mke wangu Furaha alikuwa amepika bugali na sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, wale samaki wadogo, za kukaanga alizotumiwa na dada yake. Tukala kwanza hivyo. Kisha Deo akatoa kwenye mfuko wake nusu pakiti ya oti, mama mwenye nyumba alimpa kutoka kabati la mzee, akisema chakula hakitupwi. Furaha akauliza, uji jioni hii, baada ya bugali? Nikamwambia mwache. Deo akasimama jikoni, uzito wote kwenye mguu wa kulia, akakoroga mpaka mwiko ukasimama, akatia chumvi. Mtoto wetu wa mwisho akaonja, akakunja uso, akasema kitu kwa Kizulu chake, akachota sukari vijiko viwili. Sikumkataza. Mimi na Deo tulikula wa chumvi, tukamaliza sufuria.